Irudishe hiyo chupa dukani kabla wakwe hawajafika

Mleta mada, umeuliza namna ya kupata mgahawa mzuri wa Kichina, kisha ukadokeza kwamba umeshanunua mvinyo mwekundu mzito wenye kilevi asilimia 15 wa kushushia vyakula vya Sichuan, ule mkoa wa China unaosifika kwa pilipili, na wageni wenyewe ni wakwe. Nilipofika hapo kwenye chupa nikaacha kusoma. Irudishe. Wakikataa kuipokea, ifungie kabatini.

Chupa ya aina hiyo niliipeleka kwenye meza ya mapo tofu (tofu ndani ya mchuzi wa pilipili) na kuku wa pilipili kavu, na bei yake ilizidi chakula cha meza nzima. Muuzaji aliniapia kwamba chakula chenye nguvu hutaka mvinyo wenye nguvu. Kwa ujasiri ule! Naamini hajawahi kukaa mbele ya sahani ya Sichuan maisha yake yote, ila pesa yangu aliijua vizuri. Bosi wangu alipiga funda moja machozi yakamtoka, nami nikajifanya nadhani ameguswa na ukarimu wangu.

Sababu niliijua baadaye. Kilevi huamsha mishipa ileile ya fahamu inayoamshwa na pilipili, kwa hiyo ukinywea kitu kikali unachochea moto. Halafu tanini ya mvinyo mwekundu, ule ukakasi wa maganda ya zabibu, inakausha mdomo, na ikikutana na mchuzi wa soya inageuka uchungu mtupu. Bado kuna huajiao, vile viganda vinavyotia ulimi ganzi (si pilipili hata kidogo, ukoo wake ni mmoja na michungwa). Ukishafika hapo, nani ana habari na ladha ya pipa la mwaloni la kukomazia mvinyo, uliyoilipia?

Pilipili ikipanda, kilevi kishuke na utamu upande. Basi, hiyo ndiyo kanuni. Tafuta Riesling ya Ujerumani, mvinyo mweupe, hasa ya bonde la Mosel iliyoandikwa Kabinett, yaani daraja jepesi. Nyingi zina asilimia 8 au 9 hivi, zina utamu kidogo na uchachu wa kukata mafuta. Lakini soma lebo: ukiona neno "trocken", hiyo ni kavu, haina utamu unaoutafuta. Wasiokunywa pombe waagizie suanmeitang, sharubati ya plamu zilizokaushwa kwa moshi, tamu na chachu, inyweke baridi. Maji hayasaidii, maana ukali wa pilipili hauyeyuki ndani yake. Bia nyepesi inapita, ingawa gesi nayo inachomachoma.

Najua atatokea mjuaji hapa aseme Wachina wenyewe wanakunywa baijiu, pombe yao kali ya nafaka, ya asilimia 50 na chakula hichohicho. Ni kweli, wanainywa kwa vikombe vidogo vya kutakiana afya, na watu wa Sichuan wamekula pilipili tangu utotoni. Wewe una mama mkwe.

Ungekuwa unakwenda kula samaki wa mvuke wa Guangdong, mkoa ambao chakula chake hakina ukali huo, nisingepiga kelele zote hizi. Kule hata chai nyeusi ya pu'er na dim sum (vitafunio vidogo vidogo) inakutosha.

Eeh, na mgahawa. Piga simu uulize mpishi ametoka mkoa gani wa China. Wakikujibu "tunapika vyote", kata simu. Mengine wadau wataongezea, mimi nilikuja kwa ajili ya hiyo chupa. Risiti unayo?