Kususia na vikwazo: barua kwa mwanangu

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo, mvua tu ndiyo imetuzidi. Unasema mmebishana kazini, wenzako wakashikilia kuwa kususia bidhaa na kuiwekea nchi vikwazo ni yale yale. Siyo. Mimi vikwazo vilinikuta na mzigo wa chumvi ghalani.

Tuanze na kususia. Tarehe 26 Juni 1959 Mwalimu Nyerere alisimama London pamoja na Padri Trevor Huddleston, akawaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini ya makaburu. Aliomba, maana Tanganyika yenyewe ilikuwa bado chini ya hao hao Waingereza, angemwamrisha nani? Aliyeendelea kununua machungwa ya kaburu hakukamatwa. Labda jirani alimnunia. Ilipofika 1977 Umoja wa Mataifa ukapiga marufuku nchi zote kuwauzia makaburu silaha, na hilo sasa si ombi.

Miaka 37 baada ya London, Mwalimu huyo huyo ndiye msuluhishi wa Burundi. Buyoya, mwanajeshi wa huko, akapindua serikali tarehe 25 Julai 1996, na kabla wiki haijaisha wakubwa wa nchi jirani wakakutana Arusha wakafunga biashara na Burundi. Mimi nilikuwa nimeshalipia magunia arobaini ya chumvi ya Uvinza, ya mteja wangu wa Bujumbura. Hakuna aliyeniuliza kama nasusia. Bandarini nikaambiwa hakipandi kitu, na nikivusha kwa mtumbwi usiku mimi ni mtu wa magendo. Chumvi ikavuta unyevu, magunia yakaanza kutoa maji sakafuni, nawe ulikuwa mdogo, unachovya kidole unalamba. Waliotajirika ni wenye madumu ya petroli na njia za porini. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999, mtaji wangu ulikwisha zamani. Yule mteja sikumwona tena.

Mwalimu simlaumu, watu walikuwa wanachinjana kule. Ila anayesusia huumia kwa hiari yake. Mimi niliumizwa kwa uamuzi wa kikaoni, na mama wa Bujumbura aliyekosa chumvi hakumpindua mtu.

Waulize hao wenzako: hicho mnachokisusia, mtu akikinunua leo, nani atakuja kumshika?

Magunia mawili ya enzi zile bado ninayo, naanikia dagaa. Dagaa wako nimempa kondakta wa basi la kesho.

Mama yako