Wastani umeshuka kutoka 58 hadi 51: je, watoto wamerudi nyuma?

Swali: Nafundisha Kiswahili darasa la tatu katika shule ya msingi wilayani Chamwino, Dodoma, nina wanafunzi 74. Jaribio la Februari wastani ulikuwa 58, la Machi 51. Mwalimu mkuu anataka maelezo, nami nikiwasikiliza darasani naona wanasoma vizuri kuliko Januari. Nifuatilieje maendeleo yao kwa njia ya kuaminika?

Jibu: Mwalimu, anza na daftari la mahudhurio. Tuseme Februari waliofanya jaribio ni 60, na wengine 14 walikuwa shambani wakipalilia. Machi hao 14 wamerudi, wakapata wastani wa alama 21. Wale 60 wakibaki na 58 yao ile ile, wastani wa darasa zima unakuwa 51 kamili, na hakuna mtoto aliyeshuka hata alama moja. Dodoma hili hutokea sana: msimu wa kilimo madawati hubaki wazi, na uwele ukianza kukomaa watoto huitwa kufukuza ndege waitwao kwelea kwelea. Kwa hiyo linganisha kila mtoto na alama zake mwenyewe, na wastani utoe kwa wale tu waliofanya majaribio yote mawili.

Hata hivyo, karatasi mbili zenye ugumu tofauti hazilinganishiki. Ya Machi ikiwa na insha na ya Februari ikiwa na maswali ya kuchagua, tofauti ya alama 7 haikuambii lolote kuhusu kusoma.

Kusoma kunapimwa kwa kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Andaa mapema vifungu vitatu vya maneno 60 hivi, vinavyolingana kwa urefu na kwa aina ya silabi, kuhusu mambo wanayoyajua: mnada, kisima, ng'ombe waliopotea. Kimoja cha mwanzo wa mwaka, kimoja kabla ya likizo ya Juni, kimoja Oktoba. Mtoto asome kwa sauti dakika moja nawe ukiweka alama kwenye nakala yako. Akifika neno la 38 na kukosea 6, andika 32. Kisha muulize maswali matatu ya ufahamu, mojawapo lisilo na jibu la moja kwa moja kwenye kifungu. Ukiwasikiliza wanane kwa siku, siku kumi za masomo zinatosha darasa zima.

Sehemu yenye thamani kubwa ni yale makosa 6. Yaandike yalivyo. Mtoto anayesoma "mama analima" bila kusita lakini "nywele" akaisoma "nyele" na "mbwa" akaisoma "mba" ana tatizo la silabi changamano, zenye konsonanti zaidi ya moja, na huyo unaweza kumsaidia kwa muda mfupi. Anayetaja herufi moja moja bila kuziunganisha anahitaji kurudishwa kwenye silabi za kawaida, hata kama yuko darasa la tatu. Usimwonee haya kumrudisha. Yupo pia anayesoma mbio na kushindwa maswali yote matatu. Huyu namhofia kuliko wote, kwa sababu darasani anaonekana hodari na hakuna anayemshughulikia. Lafudhi usiihesabu kuwa kosa: mtoto wa nyumba inayozungumza Kigogo, Kirangi au Kisandawe akilitamka neno kwa sauti ya kwao na akalielewa, amelisoma.

Fanya jambo moja zaidi kwa masomo mengine. Mtoto akishindwa fumbo la Hisabati au swali la Sayansi, msomee wewe kwa sauti, ajibu kwa mdomo. Akipatia, somo analijua. Kilichomkwamisha ni kusoma. Mwakani atakutana na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, ambako karatasi haitamsomea mtu.

Matokeo haya yakae kwenye daftari moja linalomfuata mtoto anapopanda darasa. Inaniuma kuona mwalimu mpya akianza kumchunguza upya kila Januari wakati mwenzake alishajua pa kuanzia.

Mwalimu mkuu mpelekee jedwali fupi badala ya wastani: wangapi wako kwenye herufi, wangapi silabi, wangapi maneno, wangapi wanasoma kifungu na kukielewa, Januari na sasa. Ongeza safu ya siku walizokosa shule. Akiona waliokwama ndio wale wale waliokosa wiki tatu, ana hoja ya kuipeleka kwa wazazi na kamati ya shule kabla msimu wa ndege haujaanza.