Tuzo ipi kwa mkutubi wa katalogi?

Ndugu, umeuliza umpendekeze mwenzako wa katalogi kwa tuzo ipi ya Chama cha Maktaba cha Marekani, naye ana miaka 7 tu kazini. Margaret Mann Citation, iliyoanza kutolewa 1951, inahusu hasa katalogi na uainishaji, lakini kwake ningeanza na Tuzo ya Esther J. Piercy: hiyo ni ya wasiozidi miaka 10 katika taaluma. Usihangaike kuitafuta ALCTS, kitengo cha chama hicho kilichokuwa kikitoa tuzo hizi. 2020 iliunganishwa na vitengo vingine viwili, sasa inaitwa Core.

Kwenye barua ya kumpendekeza, achana na “mchapakazi hodari”. Kila mtu huandika hivyo. Eleza rekodi za katalogi alizosahihisha, wasomaji walikuwa wakikwama wapi, na sasa wanavipataje vitabu. Wakutubi wa kwingine wanaotumia rekodi zake waandike pia.