Kabla hujanunua plagi nyingine, shika mpira wa rejeta

Juzi umeingia ujumbe kutoka Uyole, Mbeya. Gari ni Toyota IST, injini ya 1NZ. Likiwa kwenye sailensi, yaani limewashwa bila kukanyaga mafuta, linatetemeka, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda na kushuka, na mafuta yaliyozoea kumaliza wiki sasa yanakata siku ya nne. Plagi zote nne zimebadilishwa, koili mbili zimenunuliwa, nozeli zimesafishwa, na gari ni lile lile. Kilichoniuma ni mstari wa mwisho: "Fundi anasema ni hali ya hewa ya Mbeya."

Sikubali. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 18. Hiyo inapunguza nguvu ya injini, ndiyo maana Mlima Nyoka gari linausikia. Lakini gari lenye sensa ya hewa hupima hewa inayoingia na kupunguza mafuta lenyewe. Anayeteswa na mwinuko ni mwenye kabureta iliyosetiwa pwani. Huyo kweli atatoa moshi mweusi mpaka asetiwe upya.

Nilimrudishia swali moja: temostati, ile valvu ya joto kwenye njia ya maji ya injini, ipo? Akaenda kuuliza. Ilitolewa mwaka jana, gari lilipochemsha.

Hapo ndipo mafuta yanapokwenda. Temostati ya magari mengi ya namna hii hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kabla ya hapo huyazuia maji yasiende kwenye rejeta, ili injini ipate moto haraka. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza. Pwani, kwenye foleni na jua, injini inaweza bado kufika joto lake. Uyole, Makambako au Njombe, asubuhi ya Juni iliyo chini ya nyuzi 10, haifiki. Sensa ya joto inaiambia kompyuta kwamba injini bado ni ya baridi, na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ya kuwashia kana kwamba ndiyo kwanza umegeuza ufunguo. Plagi zinapata masizi meusi makavu, oili inabaki nzito, sailensi inakaa juu. Unanunua plagi mpya, baada ya mwezi nazo ni nyeusi.

Kupima hakuhitaji fedha. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, washa, kisha shika mpira wa rejeta unaoungana na temostati (kwenye 1NZ ni ule wa chini), mikono ikiwa mbali na feni na mikanda. Temostati nzima huuacha mpira ukiwa wa baridi kwa dakika kadhaa, kisha joto linakuja kwa kishindo. Mpira ukianza kupata uvuguvugu polepole tangu dakika ya kwanza, temostati imekwama wazi au haipo. Mwenye kifaa cha kusomea kompyuta ya gari aangalie joto la maji akiwa barabarani: likitulia kati ya 80 na 95 ni sawa, likielea kwenye 60 huku unateremka Igawilo, jibu umelipata. Kodi, yaani namba ya hitilafu kwenye kifaa hicho, ya P0128 inasema jambo hilo hilo.

Wengine huipima kwa kuichemsha kwenye sufuria. Ni njia nzuri, ila kumbuka uko Mbeya: maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Temostati nyingi hufunguka kikamilifu zikikaribia 95, kwa hiyo ukiiona imefunguka nusu usiitupe. Angalia inaanza kufunguka kwenye namba iliyogongwa juu yake, na ikipoa inajifunga.

Mafundi huitoa kwa hofu ya gari kuchemsha kwenye mlima wa Kitonga, na ninaielewa hofu hiyo. Lakini gari linalochemsha lina sababu yake: rejeta imeziba, mfuniko wa rejeta haushiki presha, pampu ya maji imechoka, au feni haiwaki. Kutoa temostati, au kuiunganisha feni moja kwa moja na umeme ili izunguke muda wote, ni kuficha ugonjwa na kumwachia mteja bili ya mafuta. Tuache.

Sasa mtetemo, maana temostati peke yake haifanyi mshale ucheze. Swali la kwanza: mtetemo unaisha ukipandisha hadi RPM 2,000? Ukiisha, tafuta hewa ya wizi. Kwenye sailensi kipepeo cha throto, ule mlango wa hewa ya injini, kimefunga karibu chote, hivyo ufa mdogo kwenye mpira unaingiza sehemu kubwa ya hewa ambayo sensa haikuihesabu. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi na ufa hausikiki. Chukua mpira mrefu mwembamba, weka ncha moja sikioni, nyingine ipitishe kwenye mipira yote inayoingia manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), hasa ule wa valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa ndani ya injini. Utasikia mluzi. Kodi ya P0171 huenda na tatizo hili. Anayetumia geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa kwenye manifoldi, ajue kwamba inchi 17 hadi 21 za vitabuni ni za usawa wa bahari. Hapa injini nzima husoma 12 hadi 16. Injini nzuri zimefunguliwa bure kwa kutojua hilo.

Pasipo mluzi, fungua mpira wa hewa utazame throto. Ukingo mweusi wa masizi ndio unaochezesha sailensi. Toa waya hasi wa betri, lowesha kitambaa kwa dawa ya kusafishia throto, futa. Kipepeo cha umeme usikisukume kwa kidole, utaharibu meno yake. Ukimaliza, acha injini kwenye sailensi dakika kumi, kiyoyozi na taa vikiwa vimezimwa, ili kompyuta ijifunze upya. Sensa ya hewa ina dawa yake. Usiiguse waya wala kuipuliza kwa kompresa.

Mtetemo usioisha hata mlimani ni wa moto wa plagi au mafuta. Kabla ya kununua koili, hamisha ya silinda ya kwanza uiweke ya tatu. Kodi ikihama kutoka P0301 (silinda ya kwanza haiwaki vizuri) kwenda P0303 (ya tatu), koili ndiyo mbovu. Isipohama, hela yako ibaki mfukoni. Na kama gari linatetemeka huku mshale umetulia palepale kwenye 700, angalia mauntingi, zile mipira zinazoishikilia injini.

Kwa ndugu wa Uyole: temostati mpya na mpira wake wa kuzibia, kulanti nusu kwa nusu na maji, mfuniko ukiwa wazi tangu injini ikiwa ya baridi mpaka mapovu yaishe. Kisha throto. Halafu jaza tangi mpaka pampu ikate, safiri kwenda na kurudi kwa barabara ile ile, jaza kwenye pampu ile ile, gawa kilomita kwa lita. Kilomita 280 kwa lita 20 ni 14 kwa lita. Usipime safari ya kupanda tu. Nitumie namba hiyo pamoja na rangi ya plagi.