Kabla hujakopa ununue nyumba ya kupangisha, hesabu kwanza miezi isiyo na mpangaji

Swali ninaloulizwa sana ni hili, naanzia wapi na hela naitoa wapi, na anayeuliza anategemea nimtajie benki. Mimi naanza na swali lingine: nyumba ikikaa tupu miezi mitatu, rejesho utalilipa na nini?

Nyumba yangu ya kwanza nilichukua kodi nikazidisha mara 12, nikatoa marejesho, nikaona kuna kinachobaki, nikasaini. Mwezi wa saba mpangaji akahama. Nikaingia kukagua, nikasogeza kabati la nguo, ukuta wa nyuma umelowa mpaka rangi inabanduka kwa kidole, kumbe bomba la bafuni lilikuwa linavujia ndani ya ukuta siku nyingi. Fundi akavunja vigae, nyumba ikakaa miezi mitatu bila mtu, na rejesho halijali una mpangaji au huna, tarehe ikifika linakatwa. Mshahara wangu wote ulikuwa unaishia huko, nyumbani tukabana kila kitu, na sitaki mtu mwingine apitie ile hali.

Sasa hivi nahesabu miezi 10 tu. Tuseme kodi ni 100 kwa mwezi, basi mwaka una 1,000 sio 1,200. Toa asilimia 20 ya matengenezo, bima na kodi ya jengo, inabaki 800, gawa kwa 12 unapata kama 66. Rejesho la mwezi likizidi hapo hiyo nyumba naiacha hata kama ni nzuri namna gani, na dalali akisema "wapangaji huku hawakosekani" namwambia sawa, lakini hesabu yangu haibadiliki.

Tuje kwenye mkopo wenyewe. Ukiambiwa riba ni asilimia 12 usifurahi kwanza, uliza inakokotolewa vipi. Chukua mkopo wa 1,000,000 wa miaka 5. Kama riba ni ya flati, yaani kila mwaka inapigwa kwenye deni lote la mwanzo hata kama umeshalipa nusu, utalipa riba 600,000. Kama inapigwa kwenye salio linalopungua ni kama 335,000 hivi. Asilimia ni ile ile 12! Omba jedwali la marejesho la mwezi kwa mwezi kabla hujasaini, na uliza kama riba inaweza kupanda katikati, kuna ada gani pembeni, na ukitaka kumaliza deni mapema kuna faini au hakuna.

Kama huna mtaji wa kutosha kutanguliza, njia ninayoipenda kuliko zote ni kununua nyumba yenye vyumba vya kugawa, ukae kimoja upangishe vingine, maana hela uliyokuwa unalipa kodi kwa mtu sasa inaingia kwenye rejesho lako, na unajifunza kuishi na wapangaji ukiwa hapo hapo. Ushirika wa akiba na mikopo nao ni mzuri ila unataka uwe umeweka akiba kwa muda. Kuchanga na ndugu inawezekana kabisa, lakini andikeni nani katoa ngapi na mmoja akitaka kutoka itakuwaje, andikeni mkiwa bado mnapendana. Muuzaji akikubali umlipe kwa awamu, hati mara nyingi inabaki kwake mpaka umalize, kwa hiyo mkataba huo aandike wakili, na hati ihakikiwe kwenye ofisi ya ardhi kabla hujatoa hata senti moja.

Halafu ukienda kuangalia nyumba nenda baada ya mvua, fungua bomba zote kwa pamoja, piga magoti uangalie chini ya sinki, na omba ruhusa usogeze makabati. Mwenye nyumba mmoja alinikatalia nisisogeze, nikashukuru nikaondoka.