Walimu ajira mpya, kwenye insha msikubali "tuchukue katikati"

Ukisharipoti kituoni na kupangiwa Kiswahili darasa la tatu au la nne, haichukui muda mtaaluma, mwalimu anayesimamia taaluma shuleni, atakwambia ubebe karatasi za insha, kuna kikao cha kuoanisha alama. Inaweza kuwa ndani ya shule, mikondo miwili tu, au kata nzima baada ya mtihani wa ujirani mwema, ule shule jirani zinaofanya pamoja. Kazi ni ile ile: 7 ya mwalimu huyu iwe sawa na 7 ya mwalimu yule. Chuoni tulifundishwa kutunga mtihani na kuandaa mwongozo wa kusahihisha. Kukaa meza moja na mtu aliyempa mtoto 4 pale ulipompa 8, hilo utalikuta kazini.

Na utalikuta kwenye insha kuliko kwingine. Hesabu ina jibu. Imla ina jibu. Hata sehemu ya utungaji kwenye mtihani wa darasa la saba, kwa miaka mingi mtoto alipewa sentensi zilizochanganywa azipange kwa herufi A hadi D, kwa hiyo mtoto aliweza kumaliza shule ya msingi bila mtu wa nje kusoma hata aya moja aliyoitunga mwenyewe. Anayeisoma ni wewe. Ukikosea kumpima, hakuna wa kukurekebisha isipokuwa wenzako kwenye kikao hicho.

Sasa, alama zikigongana, atatokea mtu, mara nyingi saa ya chakula imeshapita, atasema: "Basi tuchukue katikati, 6, tuendelee." Kataa kwa adabu, lakini kataa. Hiyo 6 hakuna aliyeiona kwenye karatasi.

Tazama insha kama hii, ya aina utakayokutana nayo sana huku Mbeya, Umalila na Uporoto kwenye viazi:

"Bibi yangu analima viazi. mvua ilinyesha usiku maji yakabeba mbegu mpaka kwenye mfeleji tukaenda kuokota na tochi. bibi akasema tusilie mbegu zingine amezificha darini"

Mwalimu wa kwanza kaona herufi ndogo zinazoanza sentensi, nukta zilizosahaulika, "mfeleji", na ufupi wa kazi yenyewe. Kampa 4. Wa pili kaona kisa chenye mwanzo, mkasa na mwisho, -ka- ya masimulizi imekaa panapotakiwa, na bibi kapewa la kusema. Kampa 8. Wote wameona kweli, ila kila mmoja amesahihisha kipengele kimoja na kukiita insha. Rudini kwenye mwongozo. Kama unasema maudhui 4, mpangilio 2, lugha 2, tahajia na alama za uandishi 2, basi mnyime zote mbili za tahajia, kata moja ya maudhui kwa ufupi, mpe mpangilio na lugha. Amepata 7. Haikuwa 6, na sasa mnajua alama tatu zimepotelea wapi na wiki ijayo mtoto afundishwe nini.

Ugumu wenyewe ni heshima. Aliyetoa 4 anaweza kuwa mwalimu aliyefundisha tangu hujazaliwa, na huku kwetu kijana habishani na mzee mbele ya watu. Usibishane. Mwombe akuoneshe: "Mwalimu, shikamoo tena, naomba unioneshe mstari ulipoiona hiyo 4." Akiuonesha, umejifunza. Asipouona, atashusha kalamu mwenyewe, na hakuna aliyeaibishwa. Wewe pia ukiulizwa, weka kidole kwenye mstari. "Ninamjua huyu mtoto, ana akili sana" si jibu. Kikao kinasoma karatasi.

Njia ya kuondoa nusu ya ugomvi kabla haujaanza ni hii: usiandike alama kwenye karatasi ya mtoto kabla ya kikao. Ziandike kwenye orodha yako pembeni. Ukishachora 6/10 kwa wino mwekundu, anayefuata ataiona 6 kabla hajasoma neno, na yeye atatoa 6, au 7 kama ni mkarimu. Hapo hamjaoanisha chochote, mmenakiliana. Mwombe mtaaluma mapema, faragha, kwamba kila mmoja asome kimya, aandike alama yake, kisha zifunuliwe kwa pamoja. Yeye akilisema litapita. Ukilisema wewe mgeni, utaonekana unawafundisha kazi.

Karatasi za kupeleka: acha zile nzuri sana unazojivunia. Peleka zilizokusumbua, zile ulizosita kati ya C na B. Na daftari la mtoto liende pamoja, utaona faida yake.

Faida ni kwenye insha za kukariri. Shule tatu za kata moja zitaleta "Ng'ombe ni mnyama afugwaye nyumbani. Ana miguu minne", neno kwa neno, kwa mwandiko safi kama wa kitabu. Mwandiko mzuri ni mwizi. Mwongozo huenda hauna hata alama moja ya mwandiko, lakini msomaji aliyechoka ataongeza mbili bila kujijua. Fungua daftari: kama kazi za kila wiki hazifanani kabisa na karatasi ya mtihani, semeni hivyo na mpime anachoweza peke yake. Uingereza, ambako uandishi wa watoto wa miaka 11 hupimwa na mwalimu wao wenyewe, wakaguzi wa halmashauri hutembelea angalau asilimia 25 ya shule kila mwaka, na wanachodai kuona ni kazi mbalimbali za mtoto, si karatasi moja.

Kubalianeni mapema pia kuhusu r na l, maana huku zinabadilishana sana. Mtoto aliyeandika "lafiki" mara tano amefanya kosa moja. Kwenye imla mnyime, tahajia ndiyo inayopimwa. Kwenye insha isivuke zile alama mbili za tahajia.

Kuna shinikizo ambalo halisemwi kikaoni: kila shule inataka kuongoza kata, na alama za insha ndizo rahisi kuzipandisha. Sina dawa ya hilo zaidi ya kubadilishana karatasi, shule hii isahihishe ya ile.

Ukirudi shuleni na imeonekana unabana, usiongeze moja kwa kila mtoto. Hiyo ni "katikati" kwa jina jingine. Kama ulikuwa mkali kwenye nukta, pitia nukta tu, darasa zima. Anza na karatasi za mwisho kwenye rundo, ulizosahihisha ukiwa umechoka, uzilinganishe na za kwanza. Kisha andika sentensi moja chini ya kila insha, uzirudishe kabla ya likizo ya Juni. Wakirudi Julai watakuwa hawakumbuki hata waliandika nini.