Huyo mtamba asiuzwe

Wewe wa Bungoma unayeuliza nini hutuvuta kwenye kazi ya polisi na Kiganjo, kule chuo cha polisi, kukoje, hayo baadaye. Mwishoni umechomeka, kama mtu anayesalimia tu, kwamba mjomba wako anauza mtamba "wa kushika nafasi", yaani wa hongo ili uchukuliwe polisi. Mpigie simu sasa hivi. Asiuze.

Julai 2014, kwenye usajili wa polisi huku Malava, nilikimbia miguu mitupu nikamaliza wa pili. Urefu upo, meno yote yapo, kidato cha nne nina C- na walitaka D+. Nilipita kwa miguu yangu mwenyewe! Lakini wiki moja kabla, mzee mmoja wa kanisani kwetu, tena mshika sadaka, alishamwambia baba kwamba bila laki mbili na nusu jina halisomwi. Baba akauza ng'ombe wawili, akakodisha shamba la miwa. Pesa zilihesabiwa mezani, juu ya kitambaa alichofuma mama, na yule mzee akataka tuombe kwanza. Tuombe! Macho kafumba, mkono juu ya bahasha.

Barua nikapata. Mama akanunua kreti mbili za soda. Tarehe 31 Oktoba Mahakama Kuu ikafuta usajili wote nchi nzima, makurutu 10,000, kwa ajili ya ufisadi. IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, ndio waliokwenda kortini. Yaani nilinunua kilichokuwa changu, halafu nikanyang'anywa kwa sababu kimenunuliwa. Cheka tu, hata mimi hucheka, hasa mwisho wa mwezi.

Mzee kuulizwa pesa: "Zilishapanda juu." Juu wapi? Juu ya nyumba yake kulikuwa na mabati mapya.

Usajili uliporudiwa 2015 mimi nilikuwa Nakuru nabeba magunia ya viazi vya Molo, nalipa deni.

Sababu yangu ya kutaka upolisi? Mshahara wa kila mwezi, na baba aitwe "baba afande" sokoni. Tena nilikuwa nimechoka kusimamishwa barabarani na boda ya watu nikidaiwa "ya chai". Sasa niambie, ningeingia kazini na deni lile, ningelilipa kwa kumsimamisha nani?

Usajili ni bure, tangazo lenyewe husema. Usitoe hata ya soda. Mjomba akiwashwa na mkono wa kutoa, akununulie raba za kukimbilia.

Umeshampigia?